Miaka 38 hujachelewa kuigiza redioni

Dada umeuliza kama kwa miaka 38 bado unaweza kuanza kuigiza redioni, mi nakwambia anza tu, kule hakuna anayeona sura, sauti ndo kila kitu. Mcheki June Spencer wa Uingereza, aliingia The Archers, mchezo wa redio wa BBC, tangu 1950 akaja kustaafu 2022 akiwa na miaka 103! Sasa skripti usiisome kama taarifa ya habari, ongea na mtu, ukinong'ona sogelea maiki, ukipiga kelele geuza uso pembeni, na karatasi shika taratibu maana kila mchakacho unasikika. Jirekodi kwa simu mbele ya kabati la nguo lililo wazi, mwangwi unapungua, halafu watumie watayarishaji. Ila kazi uliyonayo usiiache kwanza, malipo mengi huwa ya kipindi kwa kipindi.