Barua kwa mwanangu: yule binti mchawi na rangi zake

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nimefurahi kusikia kwamba hadithi yako ya picha imefikia hatua ya kutiwa rangi. Umeniuliza kwa nini Chilling Adventures of Sabrina, ile hadithi ya vibonzo ya binti mchawi, inakutisha kuliko vitabu vyenye damu nyingi zaidi, ilhali kurasa zake zimetawaliwa na kahawia na rangi ya chungwa, na kama nawe uzipunguze rangi zako vivyo hivyo.

Sabrina wa kwanza hakumtisha mtu. Alitokea mwaka 1962 katika kampuni ya vibonzo ya Archie ya Marekani, akiwa kazi ya mwandishi George Gladir na mchoraji Dan DeCarlo, kwa mistari laini, rangi za kung'aa na uchawi wa kuchekesha. Tangu 1954 wachapishaji wengi wa vibonzo wa huko walikuwa wamejifunga kwa kanuni zilizokataza hata neno “horror”, yaani kitisho, kuwekwa kwenye jina la gazeti la vibonzo. Na mmoja wa vinara wa kanuni hizo, nacheka kila nikikumbuka, alikuwa John Goldwater, mmoja wa waasisi wa Archie yenyewe. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyomrudisha binti huyo mwaka 2014 katika hadithi hiyo ya kuogofya uliyoisoma, iliyoandikwa na Roberto Aguirre-Sacasa na kuchorwa na Robert Hack.

Hack alitia rangi michoro yake mwenyewe, na nadhani siri iko hapo. Mambo yanatokea miaka ya 1960, na ukurasa wake unafanana na gazeti lililosahaulika stoo hadi likapauka, kwa hiyo msomaji anaingia katika zama zile kabla hajasoma neno lolote. Sasa zitazame nywele za Sabrina. Ni nyeupe, na katikati ya kahawia yote hiyo ndizo zinazovuta jicho kwanza, hata anapokuwa mdogo kati ya miti. Damu nayo, kwa kuwa imetoka katika ukoo uleule wa rangi za moto, haimkurupushi mtu. Inaonekana kana kwamba ilikuwamo nyumbani humo siku zote. Angetumia rangi zote za kisanduku, damu ingepiga kelele, nasi tungeizoea upesi.

Mengine ni ufundi wa kawaida wa vibonzo. Katika nafasi tupu kati ya fremu na fremu, yaani kisanduku kimoja cha picha na kingine, tendo lenyewe hulikamilisha msomaji kichwani mwake, na hulikamilisha kwa ubaya ambao mchoraji asingethubutu kuuonyesha. Ila maneno, kwa maoni yangu, ni mengi mno mahali fulani. Aguirre-Sacasa ametoka kwenye tamthilia, na pengine masimulizi yake yanaeleza jambo ambalo uso uliochorwa umekwisha kulisema.

Kuhusu rangi zako, zipunguze, lakini usiichukue kahawia yake. Kahawia ile ni ya majani yanayokauka Marekani mwezi wa Oktoba, wakati wa Halloween, sikukuu yao ya mizimu na wachawi, ndiyo maana imekaa vizuri mahali pake. Hadithi yako inatokea Tanga wakati wa masika. Chukua kijani kizito cha migomba iliyolowa, kijivu cha mawingu na weusi wa mabati yenye kutu, kisha mwachie binti wa hadithi yako rangi moja isiyotumika kwa kitu kingine chochote, labda manjano ya kanga yake.

Na ule ukurasa wa tano, ambapo mkono wa bibi unashika mlango na uso wake unaonekana papo hapo chini yake, uvunje. Mkono uwe fremu ya mwisho ya ukurasa wa kulia, ili uso usionekane mpaka msomaji afunue karatasi. Wanaosoma kwenye simu huona ukurasa mmoja mmoja, hivyo kwao pia uso utasubiri. Nitumie kurasa hizo mbili kwa penseli kabla hujazitia wino.

Baba yako