Kangaruu juu ya sima ya Wataliano: kwa wenzangu mnaohamia Melbourne

Mimi ni mtoto wa Malindi, na mtu wa Malindi hababaishwi na chakula cha Kitaliano. Wataliano walifika kwetu miaka ya 1960 na maroketi yao waliyoyarusha Ngomeni, jirani na Malindi, watalii wakafuata, na pizza ikafuata watalii. Kwa hiyo rafiki aliponipeleka kwenye mkahawa mmoja wa kitongoji cha kaskazini mwa Melbourne, wenye mapishi ya Kitaliano yaliyochanganywa na ya Australia ya leo, nilijiona mwenyeji. Nilitoka nimeaibika.

Niliagiza nyama ya kangaruu. Huja juu ya polenta, ambayo ni sima ya mahindi, ila laini na imetiwa siagi na jibini. Mhudumu akauliza nataka nyama iive vipi. Nikasema iive kabisa, damu sitaki. Akanieleza kwa upole kwamba mpishi hashauri hivyo. Nikashikilia. Nililetewa soli ya kiatu, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi, kwani kangaruu karibu hana mafuta, na moto ukizidi kidogo tu nyama yote inakauka. Kama wekundu ndani ya nyama unakushinda, achana naye, agiza samaki.

Na samaki wa kuagiza ni barramundi. Huyu ni ukoo mmoja na mbuta wa Ziwa Victoria, yule ambaye ndugu zetu wa Mwanza wanamwita sangara. Mnofu mweupe, mnene, na akikaangwa vizuri ngozi inalia mdomoni. Mjaluo yeyote atajisikia nyumbani.

Siku hizi, kabla ya kuagiza, naangalia jambo moja kwenye menyu: sahani hii imebadilishwa vitu vingapi? Chukua spaghetti ya kombe wa baharini. Italia wana kombe wao, hapa wanatia wale wanaoitwa huku pipi, kombe wadogo wanaochimbwa mchangani, hasa wale wa Goolwa, Australia Kusini. Kitunguu saumu, pilipili na mafuta ya zeituni vimebaki vilevile. Au gnocchi, yale madonge ya viazi: badala ya majani ya sage kwenye siagi wanakaanga saltbush, kijani cha nchi kavu ya huku ambacho chumvi yake kinayo chenyewe. Kimebadilishwa kimoja, na kimekaa mahali pake. Lakini ukiona ravioli, vile vifuko vya tambi, moja imebeba ndimu za msituni, makadamia, pilipili ya Tasmania na kangaruu aliyekaushwa, geuza ukurasa. Mpishi huyo ni sawa na mtu anayetia nazi, binzari ya manjano na sosi ya soya kwenye sufuria moja ya pilau halafu akuulize kama umependa.

Kwa nini kitongojini na si katikati ya mji? Wataliano waliokuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia walianzia Carlton, kisha wakasogea kaskazini, Brunswick, Coburg, hadi Reservoir. Mpaka leo kuna familia ambazo majira ya joto yakikaribia kuisha hukusanyika nyuma ya nyumba kusaga nyanya na kujaza chupa za sosi za mwaka mzima. Jirani wa aina hiyo akiwa mteja wako, sosi ya kopo huwezi kumpa.

Mambo ya pesa ni machache. Huku entree ni chakula cha kufungulia, si mlo wenyewe, na tambi mara nyingi zinauzwa kwa saizi mbili. Ile ndogo inatosha kabisa mkigawana nyama. Kodi imeshaingia kwenye bei, bakshishi si lazima. Ila Jumapili na sikukuu wengi wanaongeza asilimia 10 au 15, na tangazo lake liko chini kabisa ya menyu kwa herufi za sisimizi. Mimi huenda Jumatano.

Waislamu wenzangu, ulizeni bila haya. Divai inaingia kwenye sosi hata pale isipoandikwa, pancetta ni nguruwe, na panna cotta, kitindamlo cha krimu, inagandishwa kwa jelatini ambayo huenda ni ya nguruwe pia. Wahudumu wamezoea maswali hayo, watakwenda jikoni na kurudi na jibu.

Mama alipokuja kunitembelea nilimpeleka palepale pa aibu yangu. Kangaruu hakutaka hata kumsikia. Akala barramundi, akamalizia kwa sorbeti, barafu tamu ya kulamba, ya lemon myrtle, mti wa huku wenye majani ya kunukia. Kijiko cha kwanza, akasita.

"Mwanangu, huu si mchaichai huu?"

Nikamwambia ni jani jingine kabisa. Hakuniamini. Akamwita mhudumu kwa mkono, akaomba aonyeshwe, na yule kijana akamletea majani mawili makavu kwenye kisahani. Mama akayanusa, akayafunga kwenye pembe ya leso yake, akasema ya chai ya asubuhi yamepatikana.