Majibu hayajaja, na mchumba anauliza tarehe

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, nafundisha kwa mkataba sekondari moja wilayani Chamwino. Nilisoma uzamili wa fasihi UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, na tasnifu yangu ilihusu nyimbo za muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo. Desemba niliomba uzamivu katika vyuo vitano vya Marekani. Kaka aliuza ng'ombe wawili nipate ada za maombi. Sasa ni katikati ya Februari, sijasikia lolote, na mwenzangu niliyesoma naye ameshaitwa kwenye usaili. Naamka saa kumi usiku kuangalia simu. Darasani naichungulia chini ya meza. Mama ametangaza kanisani kwamba naenda Marekani. Mchumba wangu anataka kuleta posa, nami namwambia "tusubiri kwanza" bila kumpa sababu, maana nikikosa nitaaibika. Je, niviandikie vyuo kuuliza? Na hali hii niifanyeje?

Nasubiri, Chamwino

Marahaba, mwanangu. Kilichonikaa moyoni baada ya kuisoma barua yako ni yule kijana anayeambiwa "tusubiri" wala hajui anasubiri nini. Nitamfikia. Kwanza tuiweke simu mahali pake.

Unapoamka saa kumi usiku, New York ni saa mbili usiku ya jana yake. Ofisi zimefungwa, watu wako majumbani. Unapochungulia chini ya meza saa nne asubuhi, wenzako wamelala fofofo. Siku yao ya kazi huanza kwetu ikiwa saa kumi na moja jioni na kuisha saa saba usiku, na California wako nyuma zaidi ya hapo. Kwa hiyo angalia mara moja tu, saa moja asubuhi kabla ya kuingia darasani. Wakati huo siku nzima ya kazi ya huko imeshapita, na kama kuna walichotuma, utakikuta. Jumamosi asubuhi utaona ya Ijumaa yao. Jumapili na Jumatatu asubuhi usifungue kabisa, kwani kwao yalikuwa mapumziko. Pitia na sanduku la barua taka. Mara nyingi ujumbe wenyewe hausemi umepata au umekosa, unasema tu kwamba hali ya ombi lako imebadilika, uingie kwenye akaunti uliyofungua wakati wa kuomba. Hakikisha leo kwamba nywila zote tano unazo.

Kimya cha Februari hakina maana unayoipa. Idara za fasihi za huko hufunga maombi Desemba au mwanzoni mwa Januari. Baada ya hapo walimu wachache hukaa na rundo la maombi, na kila ombi lina maelezo ya nia, barua za wanaokupendekeza na sampuli ya maandishi ya kurasa 15, 20, pengine zaidi. Wanasoma huku wakiendelea kufundisha. Majibu hutoka kwa mafungu, mengi kati ya Februari na Machi, na waliokosa mara nyingi huambiwa mwishoni. Usaili baadhi ya idara hufanya, nyingine hazifanyi kabisa, hivyo kuitwa kwa mwenzako hakukuambii chochote juu yako. Kuna pia orodha ya akiba. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Mwenye nafasi mbili akiachia moja siku hizo, ndipo aliye kwenye akiba huitwa.

Tarehe hiyo ishike, nitairudia. Ila sitakudanganya: Machi ikiisha bila neno, matumaini yatakuwa yamepungua sana. Ni afadhali ulijue hilo kuliko kulishwa "subira yavuta heri" na kila unayekutana naye.

Kuhusu kuandika, usiandike sasa. Aprili ikianza na chuo fulani kimekaa kimya kabisa, tuma barua pepe moja fupi kwa ofisi ya idara inayoshughulikia udahili, uliza ombi lako limefikia wapi, basi. Maprofesa uliowataja kwenye maombi waache.

Na ukikosa? Nataka ulijue hili mapema, kabla hujaanza kujihukumu. Uzamivu wa fasihi katika vyuo vingi vya huko humaanisha chuo kinakulipia ada na kukupa posho ya kujikimu kwa miaka mitano hivi, nawe unafundisha. Kila nafasi ni fedha nyingi, kwa hiyo idara inaweza kuchukua watu wachache sana, pengine mwaka mzima isichukue mtu. Mwaka 2025 vyuo kadhaa, Chicago kikiwemo, vilitangaza kupunguza au kusimamisha udahili wa uzamivu katika baadhi ya idara za aina hii. Pengine mwalimu ambaye angekusimamia anastaafu. Pengine wana mwanafunzi mwingine wa fasihi simulizi ya Afrika tangu mwaka jana. Hayo yote yanaamuliwa kwenye vikao usivyoviona, na hayapimi ubora wa kazi yako.

Jambo jingine la fedha, na hapa nakuomba unisikilize sana. Kuna vyuo humwambia aliyekosa uzamivu kwamba anaweza kusoma uzamili kwao kwa kujilipia. Wewe uzamili unao. Barua ya namna hiyo ikija, usiruhusu mtu yeyote auze shamba wala ng'ombe wa tatu kwa ajili yake, hata mama akilia. Na ukiomba tena mwaka ujao, kiulize kila chuo kuhusu msamaha wa ada ya maombi kabla ya kulipa. Vingi huwa nao. Kaka yako ametoa kikubwa. Mweleze mambo yamefikia wapi, anastahili kujua kama mwenzako katika shughuli hii.

Kazi yako isikae kabatini ikingoja Marekani. Wazee waliokuimbia kwa ajili ya tasnifu wapo umbali wa bodaboda. Rekodi ulizonazo ziandike kwa Kigogo na Kiswahili, weka jina la aliyeimba na kijiji chake, kisha warudie wenyewe wakusahihishe. Sura moja ya tasnifu igeuze makala na uipeleke kwenye jarida la Kiswahili au la Mulika, yote ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. TATAKI yenyewe inasomesha uzamivu, na walimu wako wa UDOM wanakufahamu. Nchini Ujerumani, Chuo Kikuu cha Bayreuth kina kongamano la Kiswahili la miaka mingi, na wasomi wanaokwenda kule hawahitaji kuelezwa kwa nini wimbo wa mwanamke wa Chamwino ni fasihi. Mimi siziiti njia za walioshindwa. Kwa mada kama yako, baadhi ya wasomaji bora kabisa wako Dar es Salaam na Dodoma.

Sasa tuje kwa kijana.

Umesema unaogopa aibu ukikosa. Naielewa. Lakini tazama ulichomfanyia. Wewe unajua unasubiri barua. Yeye anasubiri na hajui kama umeghairi, kama kuna mwanaume mwingine, au kama kwao hawakukupendeza. Mtu wa namna hiyo hujibu maswali yake mwenyewe, na majibu anayojipa usiku huwa mabaya kuliko ukweli. Tena ameshalisikia la Marekani, usidhani hajasikia. Mama alitangaza kanisani! Kwa hiyo huenda habari ya maisha yake aliipata kwa waumini, na kutoka kwako akapata "tusubiri kwanza." Mimi hilo lingeniuma.

Na hapa kukosa siyo hofu kubwa. Hofu kubwa ni kupata. Ukipata, ni miaka mitano, pengine sita, mbali. Je, mtafunga ndoa kabla? Atakufuata? Atabaki? Watoto lini? Maswali haya hayajibiwi Aprili 16 kwa haraka ya siku moja. Nafikiri unayakimbia kwa kujificha nyuma ya simu, kwa sababu kuangalia barua pepe mara ishirini ni rahisi kuliko mazungumzo haya.

Mwite Jumamosi hii. Msikae kwenu wala kwao, tafuteni mahali penye utulivu. Mwambie umeomba vyuo vingapi, masomo ni ya muda gani, na kwamba ikifika tarehe 15 Aprili mtakuwa mnajua karibu kila kitu. Mwombe posa ingoje tarehe hiyo. Umpe sababu na umpe siku. Kisha nyamaza umsikilize. Akisema yuko tayari kungoja, msikubaliane juu juu, ulizeni fedha, ulizeni wazazi. Akisema miaka mitano hawezi, usimkasirikie. Ni heri ulisikie sasa kuliko mahari ikiwa imeshaletwa.

Mama naye mwambie mwenyewe, jioni mkiwa mnachambua mboga, kwamba umeomba tu na bado hujapewa. Mwombe akiulizwa kanisani ajibu hivi: "Tutajua Aprili." Hana haja ya kuongeza kitu.

Ukishaongea nao wote wawili, niandikie tena. Nataka kujua kijana alisemaje.

Shangazi