Kabla ya Sola, Mwite Fundi wa Friji

Wenye biashara ndogo wanaotaka kupunguza hewa ukaa huwa tayari na jibu kichwani: paneli za sola. Sola ni nzuri, hata mimi ninazo. Lakini kama una friji au friza zinazonguruma usiku na mchana, nakushauri uanzie hapo.

Kusanya kwanza bili za umeme za mwaka mzima, risiti za mafuta ya gari na jenereta, na karatasi za matengenezo ya friji. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, yaani hiyo hewa ukaa. Zidisha kwa lita zako. Daftari na kikokotoo vinatosha.

Kwenye hesabu yangu, karatasi za fundi ndizo zilizonishtua. Gesi ya kupoozea iitwayo R-404A, ambayo imetumika sana kwenye friza za biashara na vyumba vya baridi, hupasha dunia joto karibu mara 3,900 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, ukipima kwa miaka 100. Kilo moja ikivuja ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 1,400 za dizeli! Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua.

Basi fundi akija na mtungi wake akasema "naongeza gesi tu," mzuie. Friji haili gesi kama gari linavyokula mafuta; ikipungua, imevuja. Apake povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, atafute panapotoa mapovu, azibe, ndipo ajaze. Gesi iliyobaki aivutie kwenye mtungi, asiiachie hewani. Na aandike amejaza kilo ngapi. Baadhi ya mafundi hununa kwa sababu kazi inakuwa ndefu. Walipe muda wao.

Mengine utafanya mwenyewe. Bana karatasi kwenye mlango wa friji: ikichomoka kirahisi, mpira umechoka. Futa vumbi kwenye kondensa, yale mabomba yanayotoa joto nje ya friji. Oda za upande mmoja zipeleke kwa safari moja. Wateja wangu walizoea upesi. Taa za LED kila mtu anazijua.

Ukibadilisha friji, ulizia gesi iliyomo kabla ya bei. Zipo za R-290, yaani propani, ambayo huchangia joto kidogo mno, ila inashika moto, hivyo iguswe na fundi aliyeisomea. Ile ya zamani usiwape wa vyuma chakavu kabla gesi haijavutwa, maana wakikata bomba yote inaishia hewani.