Simu moja, wanafunzi 412: kupima lishe shuleni

SWALI: Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi wilayani Kilolo. Tuna wanafunzi 412, mizani ya betri, simu janja moja, na mtandao unaopatikana mpaka upande kilimani. Nataka kujua nani ana utapiamlo na kumfuatilia. Je, kuna programu ya kumpiga picha mtoto ikatoa jibu? Na zile tepe za rangi za kliniki, mbona kila mtoto wangu anatoka kijani?

JIBU: Mwalimu, habari za kazi. Nianze na tepe, maana hilo linarekebishika leo leo. Tepe hiyo, inayopima mzunguko wa mkono wa juu, imetengenezwa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, njano inaishia 12.5. Mtoto wa darasa la tatu aliyekonda hasa anaweza kuwa na mkono wa sentimita 13, na tepe ikakwambia yuko salama. Kwa miaka 5 hadi 9 mipaka inayotumika sana ni chini ya 13.5 kwa utapiamlo mkali, na 13.5 hadi chini ya 14.5 kwa ule wa kadiri. Kwa miaka 10 hadi 14 ni 16.0 na 18.5. Kwa hiyo soma namba, rangi zisahau.

Picha nazo ziache. Simu haipimi mtoto. Kazi yake ni kuhesabu, kukukatalia namba isiyowezekana, na kukumbuka. Vinavyopima ni mizani, ubao wa urefu na tarehe ya kuzaliwa, na humo ndimo makosa yanamoingilia.

Chukua mvulana wa miaka 9 kamili, urefu sentimita 120.0, uzito kilo 19.2. BMI yake, yaani kilo zikigawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita, ni 13.3. Kwa umri huo mpaka wa -2 kwenye jedwali la WHO (Shirika la Afya Duniani) la mwaka 2007 ni 13.5; hiyo -2 ni alama ya Z, inayoonyesha mtoto yuko mbali kiasi gani na kawaida ya umri na jinsia yake; kwa hiyo amekonda na anahitaji kuangaliwa. Sasa mpime asubuhi ya Julai akiwa na sweta na viatu, mizani isome 20.0: BMI inakuwa 13.9 na jina lake linatoka kwenye orodha. Au uzito uwe sahihi, lakini asimame amekunja magoti, urefu usomeke 118: inakuwa 13.8, ametoka tena. Sweta moja tu, na mtoto mwenye njaa amepotea kwenye hesabu zako.

Kwa hiyo: viatu na sweta chini, mizani kwenye sakafu ya saruji, visigino, makalio na mabega vimegusa ubao, macho yanatazama mbele. Pima mara mbili. Urefu ukipishana zaidi ya milimita 7, au uzito zaidi ya gramu 100, pima ya tatu. Jaza dumu maji, lifunge kwa gundi, liandike uzito wake, na kila asubuhi lipandishe kwenye mizani kabla ya mtoto wa kwanza. Likipishana na jana, badili betri kwanza. Na wasichana wa madarasa ya juu wapimwe faragha. Uzito wa mtoto hausomwi kwa sauti mbele ya wenzake.

Upande wa simu, tumia KoboCollect au ODK Collect, programu za kujaza fomu. Fomu unaipakua ukiwa mjini, unajaza bila mtandao, unatuma ukifika kilimani. Bila picha, kila fomu ni kilobaiti chache tu. Utambulisho wa mtoto uwe namba yake ya PREM, yaani ya usajili wa mwanafunzi, badala ya jina, maana akina Neema hawaishi, na namba hiyo humfuata hata akihama. Weka vizuizi: urefu usikubali chini ya 95 wala juu ya 185, uzito kati ya 12 na 80.

Ili simu itoe alama ya Z papo hapo, pakia kwenye fomu faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lenye thamani za L, M na S za BMI kwa umri kutoka majedwali ya WHO: M ni BMI ya katikati, S ni mtawanyiko, L ni marekebisho ya mwegemeo. Ni mistari 336: miezi 61 hadi 228, mara jinsia mbili. Fomu inavuta mstari wa mtoto kwa pulldata, amri ya kusoma faili hilo, kisha inahesabu Z = ((BMI ÷ M)^L − 1) ÷ (L × S). Chini ya -2 amekonda, chini ya -3 amekonda sana, juu ya +1 ana uzito uliozidi. Watoto wa awali wasiofika miezi 61 watatoka patupu; hao wana majedwali yao ya chini ya miaka mitano.

Umri ndio unaoharibu kazi kimyakimya. Fomu inahesabu miezi kwa saa ya simu, na simu iliyozimika betri siku mbili huweza kuwaka na tarehe ya ajabu. Iangalie kabla ya kuanza. Ukiona nusu ya darasa wamezaliwa tarehe 1 Januari, ujue rejesta ilijazwa kwa kukisia. Omba kadi za kliniki au vyeti vya kuzaliwa.

Pima Februari na Agosti. Kwetu nyanda za juu mvua ni msimu mmoja: Februari maghala yanaelekea kuisha, Agosti mahindi yamevunwa. Linganisha Februari na Februari, la sivyo utausifia uji wa shule kwa kazi ya mavuno. Aliyekuwa na Z ya -1.0 akawa -1.8 hajavuka mpaka, ila muulize nyumbani kuna nini. Udumavu usiutarajie ushuke: utafiti wa kitaifa wa 2022 uliuona kwa asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano, taifa zima likiwa na 30, na ufupi huo mtoto anakuja nao darasa la kwanza.

Kutafuta uvimbe wa utapiamlo, bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba sekunde tatu. Shimo likibaki kotekote, au Z iko chini ya -3, mtoto aende zahanati siku hiyo hiyo na afisa lishe wa halmashauri ajulishwe. Mzazi aitwe, aambiwe ana kwa ana. Asisomewe na jirani kwenye meseji. Idhini yake ya maandishi uipate kabla ya kupima, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya, na za watoto, kwenye kundi nyeti. Simu iwe na namba ya siri.

Meseji zibaki za vikao na michango ya chakula. Moja hubeba herufi 160, ila ukiandika “ng’ombe” kwa ile alama iliyopinda, au ukaweka kikaragosi, inashuka hadi 70 na unaweza kulipia zaidi ya moja. Tumia alama iliyonyooka.

Kwenye simu hiyo hiyo fungua fomu ya pili, ya jikoni. Mkipanga gramu 60 za unga wa uji kwa mtoto, watoto 412 ni kilo 24.7 kila siku. Pima debe lenu linabeba kilo ngapi za unga wenu, na uandike kilo zilizoingia sufuriani, siyo zilizotoka stoo.