Lenzi ya nini, na jicho unalo?

SWALI: Nasoma shahada ya Kiswahili na sasa nimerudi nyumbani Newala kuandika tasnifu kuhusu mashairi ya vijana wa Kusini. Niseme nayahakiki "kwa mujibu wa nadharia ya Umarx" au "kwa kutumia nadharia ya Umarx"?

JIBU: Mwanangu, sema "kwa kutumia". "Kwa mujibu wa" humtaja mwenye kauli: kwa mujibu wa sheria, kwa mujibu wa shahidi. Marx alifariki mwaka 1883, hakuacha neno juu ya vijana wako. Mwenye kauli ni wewe.

Nashukuru hukuandika "kupitia lenzi ya Umarx", maana hilo limenichosha. Lenzi ya ufeministi, lenzi ya umuundo, kila insha lenzi! Lenzi ni kioo cha kamera, cha miwani, cha darubini. Waingereza wameifanya sitiari yao, nasi tukaibeba nzimanzima, ilhali tuna "kwa jicho la" tangu zamani: jicho la huruma, jicho la husuda. Na nadharia yenyewe ni neno la Kiarabu lenye asili ya kutazama. Jicho limo humo humo.

Neno baya ningelivumilia. Kinachoniuma ni kwamba hao wenye lenzi hawalioni shairi. Juzi, hapa Mtwara, nililetewa insha juu ya shairi huru la kijana wa Mikindani, mistari mitatu tu:

Mama kauza kangomba
mikorosho ingali maua
sisi tushakula.

Mhakiki kajaza kurasa nne za matabaka, mabepari na unyonyaji. "Kangomba" hakuligusa! Naye ni mtoto wa Kusini, anajua fika kwamba kangomba ni kuuza korosho kichochoroni, nje ya mnada, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi ana fedha leo na wewe una njaa leo. Umarx wote umo katika neno hilo. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kuweka mazao ghalani kwa risiti hadi yauzwe, ilianza kwenye korosho mwaka 2007 ili mkulima auze mnadani. Basi uliza kwa nini mama huyu hakusubiri. Hapo ndipo nadharia inapofanya kazi.

Kisha itazame hiyo "-sha-". "Tushakula": kula kumekwisha, na korosho haijazaliwa. Mavuno ya mwaka mzima yamepita kooni yakiwa bado maua. Na asemaye ni "sisi", watoto waliolishwa kwa deni hilo. Hawamlaumu mama, wanakiri. Mhakiki wetu alimwita mama "mhusika asiye na mwamko wa kitabaka". Nilisoma sentensi hiyo mara mbili, nikaifunga insha.

Andika "kwa kutumia nadharia", "kwa mtazamo wa", "kwa jicho la", zote nazipokea. Ila kabla hujamtaja Marx, anza na kangomba.