Msitu wa kijiji, saini ya nani?

Wiki hii barua nyingi zimetoka Lindi na Mtwara, na karibu zote zinahusu mali ya wananchi inayogawiwa gizani.

Shikamoo dada. Mfanyabiashara anakata mininga na mipingo kwenye msitu wa kijiji chetu. Mwenyekiti anasema muhtasari ulipitishwa, ila hatukumbuki mkutano wowote. (Kijana, Liwale)

Marahaba, mdogo wangu. Ombeni kuuona huo muhtasari pamoja na karatasi ya mahudhurio. Hapo ndipo uongo huumbuka: jina la marehemu, au saini kumi zenye mwandiko mmoja. Mtendaji akisema karatasi zipo wilayani, mwandikieni barua na mbaki na nakala. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa siku 30 kujibu. Msitu wa hifadhi ya kijiji huvunwa kwa mpango uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Watu watatu ofisini si mkutano mkuu.

Niliwahi kushuhudia uvunaji kwenye msitu wa kijiji kimoja Kilwa. Kamati ya maliasili ilipima gogo kwa futikamba, mmoja akisoma namba kwa sauti, mwingine akiandika, mnunuzi amesimama palepale. Kisha nyundo ikagonga alama kwenye gogo na kwenye kisiki. Visiki 20 vyenye alama haviwezi kuzaa magogo ya miti 60. Nawaomba mdai utaratibu huo.

Nang'ang'ania kwa sababu tumeshaumia. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, malori yalimiminika kusini. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya 2007 ilionyesha kuwa mbao zilizopokelewa China kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile zilizoandikwa hapa kwetu. Vijiji vilibaki na visiki.

Nilitoa "chai" kidogo ili kibali changu cha mbao kisikae mezani. Nami nina kosa? (Mfanyabiashara, Masasi)

Ndiyo, kaka. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika mtoaji na mpokeaji. Usirudie, na nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, mwenyewe kabla hujaitwa.

Gesi ya Songo Songo inatoka tangu 2004. Tutajuaje kampuni zimelipa nini? (Mama, Kilwa Masoko)

Mama yangu, kuna sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi ya mwaka 2015. Chombo chake, TEITI, hutoa taarifa zinazolinganisha kilicholipwa na kampuni na kilichopokelewa na Serikali. Mwambie diwani wako aje nayo kwenye mkutano, aisome kwa Kiswahili cha kueleweka. Vikao vya baraza la madiwani navyo viko wazi. Nendeni mkae, msikilize ushuru wa huduma, ule ambao kampuni huilipa halmashauri, umepangiwa nini.

Naogopa kutoa taarifa, kijiji ni kidogo. (Jina limehifadhiwa, Nanyumbu)

Hofu yako naielewa. Piga 113 ya TAKUKURU, ni bure. Ipo pia sheria ya 2015 inayowalinda watoa taarifa. Usiwaeleze majirani kwanza. Andika tarehe, namba ya lori na saa lilipopita, na daftari hilo usiliweke nyumbani.